Mto Unaotoka Ziwani: Masharti ya Ukweli na Maana ya Sentensi katika Kiswahili

Wanafunzi wengi wa isimu nchini Kongo hukutana na semantiki ya kimantiki kwa mara ya kwanza katika vitabu vya Kifaransa, na mfano wa kwanza wanaopewa ni ule wa mfalme wa sasa wa Ufaransa ambaye ana upara. Mfano huo ulitolewa na Bertrand Russell mwaka 1905, wakati ambapo Ufaransa ilikuwa jamhuri na haikuwa na mfalme yeyote, mwenye nywele au asiye nazo. Mwanafunzi huukariri, hufaulu mtihani, kisha hubaki na fikra kwamba taaluma hii inahusu kile kineno kidogo kinachotangulia nomino katika Kifaransa na Kiingereza, na kwamba Kiswahili, kwa kuwa hakina kineno hicho, hakina la kuchangia. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fikra hiyo ina kasoro. Mfano utakaotumika hautoki Paris. Unatoka Kalemie, mahali ambapo mto Lukuga unaliacha Ziwa Tanganyika na kuelekea Lualaba.

Swali la wasafiri

Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, swali lililowashughulisha lilikuwa moja: je, Ziwa Tanganyika lina mto unaotoka, na kama upo, unaelekea wapi? Swali hilo halikuwa la udadisi mtupu. Kama mto ungetoka upande wa kaskazini, ziwa hilo lingeweza kudaiwa kuwa chimbuko la Nile. Burton na Speke walifika Uvira, lakini hawakuweza kuufikia mto Rusizi. Waliambiwa huko kwamba Rusizi unaingia ziwani. Hata hivyo, mwaka 1864 Burton alitetea rai kwamba Rusizi unatoka. Mwezi Novemba 1871 Livingstone na Stanley walifika mdomoni mwa Rusizi na kuona kwa macho kwamba maji yanaingia.

Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika Lukuga, upande wa magharibi, na kutangaza kwamba huo ndio mto unaotoka. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa lote, akauchunguza Lukuga, akakuta umezibwa na matope na mafunjo. Kwa maoni yake, wakati huo haukuwa unalitoa maji ziwa, ingawa ungefanya hivyo maji yakizidi kupanda. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1879, mmisionari Edward Hore aliona mkondo wenye nguvu ukitoka, na Joseph Thomson akauona vilevile mwishoni mwa mwaka huohuo.

Kwa mwanahistoria, hayo ni maendeleo ya elimu ya jiografia. Kwa mwanasemantiki, ni kitu adimu: maelezo yaleyale, "mto unaotoka Ziwa Tanganyika", ambayo katika muda wa miaka 21 yalitumiwa kuhusu mto ambao hautoki, kuhusu mto uliobishaniwa, kuhusu mto uliozibwa, na hatimaye kuhusu mto ambao kila mtu angeweza kuuona. Mfalme wa Ufaransa hana historia tamu kama hiyo.

Masharti ya ukweli

Msingi wa mkabala huu ni rahisi kuueleza, hata kama matokeo yake si rahisi. Kujua maana ya sentensi ni kujua ulimwengu ungekuwaje iwapo sentensi hiyo ingekuwa ya kweli. Si lazima mtu ajue kama ni ya kweli. Mkazi wa Ujiji wa mwaka 1858 ambaye hakuwahi kuvuka ziwa aliielewa kikamilifu sentensi "Lukuga unatoka Ziwa Tanganyika", kwa sababu alijua ni jambo gani lingeithibitisha na lipi lingeikanusha.

Alfred Tarski, katika kazi aliyoitoa kwa Kipolandi mwaka 1933, alilipa wazo hilo umbo lake maarufu: sentensi "Lukuga unatoka Ziwa Tanganyika" ni kweli ikiwa, na ikiwa tu, Lukuga unatoka Ziwa Tanganyika. Wanafunzi hucheka wanapoisikia kauli hiyo mara ya kwanza, na kicheko chao kina haki. Lakini Tarski hakukusudia kusema jambo moja mara mbili. Upande wa kwanza unataja sentensi, yaani mfuatano wa maneno. Upande wa pili unataja hali ya mambo. Kazi ni kupata kanuni chache ambazo zitauzaa uhusiano huo kwa kila sentensi ya lugha, zikiwemo zile ambazo hazijawahi kutamkwa. Tarski mwenyewe hakuamini kwamba lugha za kawaida zingeweza kushughulikiwa kwa njia hiyo. Aliyelikataa shaka hilo ni Richard Montague wa Los Angeles. Katika makala zake za mwaka 1970, na ile iliyotoka mwaka 1973 baada ya kifo chake, alishikilia kwamba hakuna tofauti ya kinadharia yenye uzito kati ya lugha za watu na lugha zinazobuniwa na wanamantiki.

Kanuni zenyewe hufuata wazo ambalo kwa kawaida huhusishwa na Gottlob Frege: maana ya kirai hutokana na maana za sehemu zake na jinsi zilivyounganishwa. Jina "Lukuga" linasimamia kitu kimoja. Kiarifu "unaelekea magharibi" kinasimamia seti ya vitu vyote vinavyoelekea magharibi. Sentensi ni kweli kama kitu hicho kimo katika seti hiyo. Nomino "mto" nayo inasimamia seti, ile ya mito yote, na kishazi rejeshi "unaotoka ziwani" seti nyingine. Vikiunganishwa, "mto unaotoka ziwani" inasimamia mahali seti hizo mbili zinapopishana: vitu ambavyo ni mito na pia vinatoka ziwani. Mpaka hapo Kiswahili hakileti shida yoyote.

Shida huanza hatua inayofuata. Chukua sentensi hii:

(1) Mto unaotoka Ziwa Tanganyika unaelekea magharibi.

Kirai cha kiima kimetoa seti, na kiarifu kimetoa seti. Ni kitu gani kinachoziunganisha? Katika Kifaransa kazi hiyo hufanywa na "le". Katika (1) hakuna neno linaloonekana.

Russell, Strawson na mwaka 1876

Kwa mujibu wa Russell, sentensi kama (1) hudai mambo matatu kwa pamoja: kwamba kuna mto unaotoka Ziwa Tanganyika, kwamba hakuna zaidi ya mmoja, na kwamba mto huo unaelekea magharibi. Likikosekana mojawapo, sentensi ni ya uongo. Basi kama Stanley alikuwa sahihi, mtu aliyetamka (1) mwezi Julai 1876 alisema uongo, si kwa sababu mto ulielekea upande mwingine, bali kwa sababu haukuwapo.

P. F. Strawson aliipinga rai hiyo mwaka 1950. Kwake, mtu huyo hakusema kweli wala uongo. Alijaribu kutaja kitu ambacho hakikuwapo, na kwa hiyo swali la ukweli halizuki. Kuwapo kwa mto si sehemu ya dai. Ni dhana tangulizi, jambo ambalo msemaji analichukulia kuwa limekwisha kukubaliwa. Frege alikwisha kuliona jambo hilo mwaka 1892. Aliandika kuhusu yule aliyevumbua umbo la njia za sayari, yaani Kepler, kwamba alikufa katika dhiki, na akabainisha kuwa anayelikanusha dai hilo hukanusha dhiki tu. Hamkanushi mvumbuzi.

Ubishi huo una matokeo nje ya darasa. Anayeuliza "Mto unaotoka ziwani unaelekea wapi?" amekwisha kumwekea anayeulizwa nusu ya jibu. Mwenyeji mwenye adabu, akiulizwa hivyo na mgeni, atataja upande fulani badala ya kuanza kubisha kwamba mto wenyewe haupo. Mtafiti wa nyanjani anayekusanya masimulizi na hakimu anayemhoji shahidi wana sababu ileile ya kutofautisha swali hilo na "Je, kuna mto unaotoka ziwani?"

Ukanushi ndicho kipimo kizuri zaidi. Russell alisema kwamba sentensi ya Kiingereza yenye maelezo ya namna hii ikikanushwa huwa na utata, kutegemea kama upeo wa ukanushi unayafunika maelezo au la. Katika Kiswahili hali ni tofauti kidogo:

(2) Mto unaotoka Ziwa Tanganyika hauelekei kaskazini.

(3) Hakuna mto unaotoka Ziwa Tanganyika na kuelekea kaskazini.

Anayesema (2) huacha mto ukiwapo na kukanusha uelekeo wake. Anayesema (3) hahitaji mto uwepo. Ingekuwa kweli hata mwaka 1876. Kiambishi "ha-" kimefungwa ndani ya kitenzi, na kiima kinachokitangulia kwa kawaida hubaki nje ya upeo wake. Hii haina maana kwamba usomaji mwingine wa (2) hauwezekani kabisa. Mtu anaweza kusema: "Mto unaotoka ziwa hilo hauelekei kaskazini, kwa sababu mto wenyewe haupo." Lakini usemi huo una mlio wa kumsahihisha mtu aliyetangulia kusema, na bila mtu huyo hausimami. Utata ambao Russell aliuona ni jambo la kawaida katika Kiingereza, katika Kiswahili unahitaji mazingira maalumu.

Nafasi ya kiima

Hapa ndipo Kiswahili kinapoanza kutoa, badala ya kupokea tu. Linganisha:

(4) Mto unatoka ziwani.

(5) Ziwani kunatoka mto.

Maneno ni yaleyale: mto, kutoka, ziwani. Katika (4) kitenzi kinapatana na "mto" kwa kiambishi "u-". Katika (5) kinapatana na mahali, kwa "ku-", na "mto" umewekwa nyuma ya kitenzi. Msikilizaji wa (4) huuliza, "Mto upi?" kama bado haujatajwa. Msikilizaji wa (5) hana sababu ya kuuliza hivyo, kwa kuwa ndiyo kwanza anaambiwa kwamba mto upo. Mtu anaweza kudhani kwamba tofauti hiyo ni ya mtindo tu, ya kuweka mkazo hapa au pale, na kwamba haigusi ukweli. Ukanushi unaonyesha vingine:

(6) Mto hautoki ziwani.

(7) Ziwani hakutoki mto.

Sentensi (6) ni kweli kuhusu Rusizi leo, na ilikuwa kweli mwaka 1858. Sentensi (7) ni ya uongo leo, kwa sababu Lukuga unatoka. Sentensi mbili ambazo moja yaweza kuwa kweli na nyingine uongo, katika ulimwengu uleule na wakati uleule, haziwezi kuwa na maana moja. Kwa hiyo nafasi ya nomino na upatanisho wa kitenzi vinafanya kazi ambayo katika Kifaransa hugawanywa kati ya "le" na "un". Katika (6) "mto" uko nje ya upeo wa ukanushi. Katika (7) umo ndani. Kineno kilichotafutwa katika (1) hakikupotea. Kazi yake imechukuliwa na muundo wa sentensi.

Irene Heim, katika tasnifu yake ya mwaka 1982, alipendekeza kwamba nomino isiyobainishwa hufungua jalada jipya katika kumbukumbu za mazungumzo, na iliyobainishwa huongeza habari katika jalada lililokwisha kufunguliwa. Hans Kamp alikuwa ametoa nadharia iliyokaribiana nayo mwaka 1981. Jozi ya (4) na (5) inaonekana kama imetungwa kuwaunga mkono: (5) hufungua jalada, (4) huandika ndani yake.

Kiambishi cha yambwa nacho hutajwa mara nyingi katika mjadala huu. "Cameron aliona mto" na "Cameron aliuona mto" hazilingani. Ya pili hutazamia mto ambao msikilizaji anaujua. Wapo wanaokimbilia kusema kwamba kiambishi hicho basi ndicho "le" ya Kiswahili. Hapo tahadhari inahitajika. Kwa nomino za watu kiambishi cha yambwa hutokea hata pale ambapo mtu mwenyewe hajulikani: "Nimemwona mtu mlangoni" ni sentensi ya kawaida kabisa, na mtu huyo ni mgeni kwa msemaji na msikilizaji. Tena kiambishi hicho hakihitaji kitu kimoja maalumu. Sentensi ifuatayo ni ya aina ambayo Peter Geach aliijadili mwaka 1962 kwa mfano wa wakulima na punda wao:

(8) Kila mvuvi aliyenunua mtumbwi aliupaka rangi.

Hapana mtumbwi mmoja unaowakilishwa na "-u-". Wavuvi wakiwa 30, mitumbwi ni 30 au zaidi, na kiambishi hubadilika pamoja na mvuvi. Kukiita kibainishi cha umahususi ni kuifupisha habari kupita kiasi.

Wakati, na usemi wa Kalemie

Kuna suala la wakati, ambalo mfano wa Lukuga unalidai. Montague alipendekeza kwamba maelezo yasihusishwe moja kwa moja na kitu, bali na kanuni inayotoa kitu kwa kila hali ya ulimwengu na kila wakati. "Mto unaotoka Ziwa Tanganyika" hutoa Lukuga kwa mwaka 1879. Kwa mwaka 1876, kama Stanley alivyoeleza, hautoi chochote. Jina "Lukuga" halina tabia hiyo: lilitaja mto uleule ulipoziba na ulipozibuka, jambo ambalo Saul Kripke alilieleza kuhusu majina katika mihadhara yake ya mwaka 1970. Sasa itazamwe sentensi hii:

(9) Mwaka 1876 mto unaotoka Ziwa Tanganyika ulikuwa hautoki.

Inaweza kusikika kama mkanganyo, lakini haina kosa. Kiambishi "-na-" ndani ya kishazi rejeshi hupimwa kwa wakati wa msemaji, na kitenzi kikuu kwa mwaka uliotajwa. Mtu akiiandika upya kwa "uliokuwa ukitoka", mkanganyo unarudi, maana nyakati mbili zimekuwa moja. Kanuni isiyoweza kutofautisha nyakati hizo mbili haiwezi kuieleza (9).

Mifano yote iliyotolewa mpaka hapa ni ya Kiswahili sanifu. Mazungumzo ya kawaida ya Kalemie, kama ya sehemu nyingine za Kongo ya mashariki na Katanga, yana njia nyingine. Mtu husema "kuko muto moya yenye inatoka ku ziwa" anapoutaja mto kwa mara ya kwanza, na "ile muto" anapoutaja tena. Walimu wengi huyasahihisha matumizi hayo kwa kalamu nyekundu na kuyaita uvivu wa ngeli. Kwa mtazamo wa semantiki hukumu hiyo ni ya haraka mno. "Moya" hapa haihesabu mito, bali hufungua jalada; "ile" haionyeshi mto kwa kidole, bali hurudi kwenye jalada hilo. Mzungumzaji wa Kalemie anaibainisha kwa maneno tofauti ileile ambayo Kiswahili sanifu hukiachia muundo wa sentensi. Mwanafunzi aliyelelewa na usemi huo tayari ana sarufi mbili za umahususi kichwani mwake, bila kuhesabu ile ya Kifaransa, na anaweza kuzilinganisha bila kusafiri.

Mipaka ya mkabala huu nayo inaonekana katika kisa hichohicho. Mwezi Machi 1858 Speke alivuka hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi wa ziwa, kutafuta jahazi kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim. Alirudi na habari kwamba mto mkubwa unatoka ziwani upande wa kaskazini. Baadaye Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkalimani wao, alieleza kwamba Speke hakumwelewa sheikh: alizungumzia mto unaoingia. Hapadaiwi hapa kwamba kosa lilitokana na neno fulani la Kiswahili. Lakini mtu yeyote anayesema lugha hii anajua kwamba "ametokea Kalemie" humtaja mtu aliyeanzia safari Kalemie, na "njia hii inatokea Kalemie" huitaja njia inayoishia Kalemie. Kitenzi ni kimoja, na uelekeo umegeuka. Semantiki ya kimantiki inaweza kusema kwa usahihi sentensi "Mto unatokea ziwani" ingekuwa kweli lini kwa kila mojawapo ya maana hizo mbili. Ni ipi kati ya hizo msemaji aliikusudia, kanuni za kuunganisha seti hazisemi, na jibu hutafutwa kwa mwenyewe.